Kicheko cha Sadie: Safari ya Milton Berle kutoka jukwaani hadi kwenye televisheni

Mwaka 1949, ikifika Jumanne saa mbili usiku, miji ya Marekani iliyokuwa na kituo cha televisheni ilipoa. Wenye mikahawa walilalamika kwamba meza zimebaki tupu, na wenye majumba ya sinema wakalalamika vivyo hivyo. Aliyekuwa na televisheni alikuwa amekwisha kukaa mbele yake. Asiyekuwa nayo alikuwa kwa jirani, au amesimama barabarani mbele ya dirisha la duka linalouza televisheni, kola ameinua kwa ajili ya baridi. Sisi tuliokulia mitaa ambako nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa na runinga hatuhitaji kuelezwa: watoto chini mkekani, wakubwa nyuma yao, na waliochelewa wamejazana dirishani wakiulizana kimesemwa nini.

Programu ilifunguliwa na wanaume wanne waliovaa sare za wauza petroli, wakiimba sifa za kampuni ya mafuta ya Texaco. Walipomaliza, pazia lilifunguka akatoka mwenyeji wa usiku huo. Wiki moja katoka amevaa kama mfalme wa Roma, wiki nyingine kama mtu wa mapangoni, nyingine amevaa gauni la bibi harusi na meno yake makubwa ya mbele yanang'aa. Kabla hajasema neno watu walikuwa hoi kwa kicheko. Huyo ndiye Milton Berle. Magazeti yalimwita Bwana Televisheni, na watoto walimwita Mjomba Miltie.

Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 12 Julai 1908, na jina alilopewa ni Mendel Berlinger. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, na pesa ilikuwa ya kubahatisha. Baba yake, Moses, aliuza rangi na vanishi, na uuzaji wake haukutosha kulipa kodi na kulisha watoto. Aliyebeba nyumba ni mama, Sarah, ambaye wote walimwita Sadie. Aliwahi kuwa mpelelezi wa dukani: anazunguka katikati ya wateja na kikapu chake mkononi kama mteja mwingine yeyote, huku macho yakitafuta mkono unaochomoa kitu na kukitia chini ya koti. Kazi hiyo inataka mtu anayeweza kumsoma mwenzake kwa kumtazama bega tu. Sadie aliuhamishia ujuzi huo kwenye kumbi za maonyesho.

Milton alikuwa bado mtoto mdogo alipoanza kumwiga Charlie Chaplin kwa viatu vikubwa, kofia na kisharubu cha kuchora. Aliingia kwenye mashindano ya kumwiga Chaplin, akashinda kikombe. Watoto wengi wameshinda vikombe vya namna hiyo, vikawekwa kabatini, maisha yakaendelea. Sadie hakukiweka kabatini. Alianza kumpeleka mwanawe kwenye studio za filamu zisizo na sauti, kwa mawakala, kwenye vikundi vya watoto waigizaji, na popote alipokwenda mtoto, mama aliketi ukumbini.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Sadie alikuwa na kicheko kikubwa, cha kutoka kifuani, kinachosikika mpaka viti vya nyuma kabisa. Ukumbi ukiwa baridi, yeye ndiye aliyeanza. Alijua wapi kicheko kinahitajika na wapi kikizidi kitaharibu mambo. Kichekesho kilekile alikuwa amekisikia mara mia mbili, na mara ya mia mbili na moja alikicheka kama anakisikia sasa. Baadaye, Milton alipokuwa mtu mzima na jina lake limeandikwa kwa taa, mama alikuwa bado palepale kitini, na wapo waliomdhihaki kwa hilo. Mimi sioni la kudhihaki. Mtu akicheka peke yake katikati ya wageni huona haya na kunyamaza. Akisikia mwenzake kacheka, naye huachia. Kila mchekeshaji anaijua siri hiyo, lakini ni wachache waliokuwa na mtu wa kuwafanyia kazi hiyo kila usiku, mji hadi mji, kwa miaka zaidi ya thelathini.

Maonyesho aliyolelewa nayo Milton yaliitwa vodevili. Mpaka miaka ya 1920 ndiyo yaliyokuwa burudani kubwa ya Wamarekani wa kawaida. Kwa tiketi moja ulipata sehemu nane au tisa: wanasarakasi, mwimbaji, mbwa waliofunzwa, mfanya mazingaombwe, wacheza dansi, mchekeshaji. Mpangilio wake ulikuwa na hesabu. Sehemu ya kwanza walipewa wanasarakasi au wanyama, kwa sababu watu walikuwa bado wakiingia na kutafuta viti, na sarakasi haihitaji kusikilizwa. Nyota wa usiku aliwekwa ya pili kutoka mwisho. Kampuni kama ya Keith na Albee zilimiliki kumbi katika miji mingi, na msanii aliyepewa mkataba alizunguka nazo kwa treni, wiki moja hapa, wiki ijayo kwingine.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo ni lazima ieleweke, kwa kuwa ndiyo inayoeleza yaliyomkuta Milton baadaye. Mchekeshaji wa vodevili alihitaji dakika kumi na mbili tu za kazi. Alizinoa kila usiku, akaondoa neno hapa, akaongeza kimya pale, mpaka zikawa kama kisu. Na kwa kuwa kila wiki watazamaji walikuwa wapya, dakika hizohizo kumi na mbili ziliweza kumlisha miaka mitano, hata kumi. Wapo walioishi maisha yao yote kwa igizo moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Milton alicheza na msichana aitwaye Elizabeth Kennedy, wakatangazwa kama Kennedy na Berle, wakafika mpaka Palace, ukumbi wa Broadway ambao kila mwanavodevili aliuota. Jukwaani Berlinger ilikuwa imekwisha kuwa Berle. Baadaye alijitegemea, na kazi iliyomkaa vizuri kuliko zote ikawa ya mshereheshaji.

Washereheshaji wengi walitoka, wakamtaja anayefuata, wakaondoka. Milton hakuondoka. Wanasarakasi wakipanda, naye alipanda akaanguka. Mwimbaji akiimba, yeye alitokeza kichwa kwenye pazia. Mtu akipiga chafya ukumbini, alikuwa na jibu. Alichukua vipande vya onyesho visivyohusiana akavifuma pamoja kwa mwili wake mwenyewe, hadi watu wakaondoka wakihisi wameona kitu kimoja. Mwaka 1932 alikuwa mshereheshaji wa Palace akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu, na mwaka huohuo Palace ikaacha vodevili ikageuzwa jumba la sinema. Filamu zenye sauti zilikuwa zimekwisha kuwavuta watu, mdororo wa uchumi ukamalizia. Wazee wa fani waliobaki na dakika zao kumi na mbili hawakuwa tena na mji wa kuzipeleka.

Milton alihangaika kama wenzake. Alicheza Broadway, na mwaka 1943 alikuwa nyota wa Ziegfeld Follies iliyochezwa mara 553. Alifanya vilabu vya usiku, ambako alilipwa vizuri. Alijaribu filamu. Alijaribu redio mara kadhaa, na redio ikamkataa kila mara, kwa sababu nusu ya kazi yake ilikuwa usoni na kiunoni, na msikilizaji haoni gauni. Sifa nyingine iliyomfuata ni ya wizi. Mwandishi wa magazeti Walter Winchell alimbandika jina la mwizi wa vichekesho vibovu, akicheza na jina la filamu ya mwizi wa Baghdad. Milton hakukana. Aliigeuza shutuma ikawa kichekesho chake mwenyewe, akisema alicheka sana kumsikia fulani hata akaangusha kalamu. Kwa walioibiwa jambo hilo halikuwa mzaha, na haki yao haipunguzwi na umaarufu wake: katika vodevili, kichekesho ndicho kilichokuwa shamba la mtu.

Kuna tukio dogo la mwaka 1929 lililopita bila kutiliwa maanani. Huko Chicago, mafundi waliokuwa wakijaribu mtambo wa kurusha picha walihitaji watu wa kusimama mbele yake. Milton alikuwa mmojawapo. Taa zilikuwa kali za kuunguza, picha ilikuwa ndogo na hafifu, na walioiona walikuwa wachache sana. Alifanya mambo yake akarudi jukwaani. Miaka 19 ilipita.

Tarehe 8 Juni 1948 Texaco na NBC walianza kurusha Texaco Star Theater kutoka Rockefeller Center, New York, mubashara, Jumanne saa mbili usiku. Majira yale ya kiangazi walijaribu wenyeji kadhaa kwa zamu, na kufikia Septemba ilikuwa wazi ni nani anayefaa. Alichokifanya Milton hakikuwa kipya hata kidogo. Ilikuwa vodevili ileile, mpangilio uleule wa wanasarakasi na waimbaji na mbwa, na yeye akiingilia kila kitu. Jipya lilikuwa jicho la kamera. Mwili ule uliokataliwa na redio ukaingia sebuleni kwa watu. Alipotamka neno la kutaka vipodozi, mtu alichomoka na kumpiga usoni kwa kifuko kikubwa cha poda, wingu jeupe likafunika jukwaa, na nchi nzima ilikuwa ikisubiri lini atalitamka.

Mwezi Mei 1949 sura yake ilitokea wiki moja kwenye majalada ya Time na Newsweek. Watu walianza kununua televisheni, na wenye maduka walijua wanunuzi wengi wanamtaka nani. Mwaka 1950 nyumba za Marekani zenye televisheni zilikuwa karibu milioni 4, na mwaka 1955 zilizidi milioni 30. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, lakini hakuna mmoja aliyechangia zaidi yake. Jina la Mjomba Miltie lilikuja siku alipobakiwa na dakika za kujaza mwishoni, akawaambia watoto wamsikilize mjomba wao waende kulala. Wazazi wakamshukuru, naye akalifanya kuwa desturi.

Nyuma ya pazia hakuwa mjomba. Wakati wa mazoezi alining'iniza filimbi shingoni na taulo begani, akaipuliza filimbi mtu yeyote alipokosea: mpiga kamera, fundi wa taa, mwimbaji mgeni. Aliwafundisha wacheza dansi kucheza na wapiga muziki kupiga. Wengi waliofanya kazi naye walitoka na chuki. Namwelewa bila kumtetea. Mtu aliyefanyishwa kazi jukwaani tangu utotoni, na ambaye ameshuhudia wenzake wakipotea pamoja na kumbi zao, haamini kwamba mwingine yeyote ataushika usiku usianguke.

Ukali huohuo mara moja ulielekezwa mahali pazuri. Milton aliwaalika Four Step Brothers, wacheza dansi weusi waliokuwa miongoni mwa bora wa zama zao. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliambiwa na upande wa mdhamini kwamba hawatakiwi katika programu. Televisheni ya wakati ule ilikuwa na woga wa Kusini, ambako kuonyesha msanii mweusi akisimama sawa na mzungu kungeleta barua na simu za hasira. Akawajibu kwamba wasipotoka wao, yeye pia hatoki. Muda ukawa unayoyoma, orkestra imekaa, wauza petroli wanne wamevaa sare zao. Anasimulia kwamba zilibaki kama dakika kumi kabla ya saa mbili alipoletewa habari kuwa wanaruhusiwa. Walicheza. Mtu mwenye nguvu kuliko wote katika chombo kile alikuwa na njia rahisi ya kunyamaza, na alichagua kuiweka programu yake rehani.

Mwezi Aprili 1949 alikaa hewani saa 16 mfululizo akichangisha pesa kwa mfuko wa Damon Runyon wa utafiti wa saratani. Alikuwa wa kwanza kufanya changizo la namna hiyo katika televisheni. Na mwaka 1951 NBC ikampa mkataba ambao fani haikuwahi kuuona: miaka 30, dola 200,000 kila mwaka, afanye asifanye. Waliamini Mjomba Miltie hatachakaa.

Alichakaa ndani ya miaka mitano. Hesabu ya vodevili ndiyo iliyomgeukia. Dakika kumi na mbili zilizomtosha msanii miaka kumi sasa zilikwisha kwa usiku mmoja, kwa kuwa Jumanne moja ilionwa na miji yote kwa pamoja. Wiki ijayo ilitaka saa nzima nyingine. Milton alikuwa na ghala la vichekesho, makabati na makabati ya kadi zilizopangwa kwa mada, alizozikusanya tangu ujana. Hata ghala hilo lilikuwa la msimu wa kumbi, halikuwa la kulisha taifa kila juma. Halafu watazamaji wenyewe walibadilika. Televisheni za mwanzo zilikuwa katika miji mikubwa, New York hasa, kwa watu waliozoea ucheshi wa haraka wa kumbi za Broadway. Mitambo ilipoenea hadi miji midogo na mashambani, wakaingia watu ambao mwanamume aliyevaa gauni hakuwachekesha. Msimu wa 1950–51 programu yake iliongoza nchi nzima, ikifuatwa na zaidi ya nyumba 60 katika kila 100 zenye televisheni. Msimu uliofuata ikawa ya pili. Uliofuata tena, ya tano.

Mwaka 1952 saa yake ilipata mpinzani asiyetarajiwa, Askofu Fulton Sheen wa Kanisa Katoliki, aliyesimama peke yake na ubao wa chaki akifundisha imani. Watu walimtazama kwa mamilioni. Milton alilipokea kwa uungwana. Alisema wote wawili wana mdhamini mmoja, Sky Chief, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mkuu wa Mbingu, na ndilo lililokuwa jina la petroli ya Texaco. Mwandishi mpya, Goodman Ace, akaisuka upya programu iwe tulivu, Milton akawa mtu anayesumbuliwa badala ya msumbufu. Wakosoaji waliipenda. Texaco ilijitoa mwaka 1953, ikaingia Buick, nayo ikaondoka mwaka 1955.

Sadie alifariki mwaka 1954, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake Milton akawa anafanya kazi bila kile kicheko ukumbini.

Usiku mmoja wa miezi ya mwisho ya programu yake umeingia katika historia kwa ajili ya mtu mwingine. Tarehe 5 Juni 1956 alimkaribisha kijana aliyekuwa amemleta tayari mwezi Aprili, aliporusha programu kutoka kwenye meli ya kivita USS Hancock huko San Diego. Mara hii kijana aliimba bila gitaa, viungo vyote viko huru, na kiuno chake kikawaudhi wazazi na magazeti ya nchi nzima. Aliitwa Elvis Presley. Barua za hasira zilimwagika. Milton, aliyeishi jukwaani miaka arobaini, alielewa maana ya barua nyingi namna ile, na akampigia simu wakala wa kijana kumwambia ana nyota mikononi. Mwezi huohuo programu yake ikafungwa.

Yaliyofuata yanasikitisha. Mwaka 1960 NBC, iliyokuwa bado inamlipa, ilimpeleka kuendesha Jackpot Bowling: watu wanarusha mipira ya kuangusha vigingi, na Bwana Televisheni anatia utani kati ya mrusho na mrusho. Mwaka 1965 alikubali kupunguza malipo hadi dola 120,000 kwa mwaka ili awe huru kufanya kazi vituo vingine, na mwaka uliofuata ABC ikampa programu iliyokufa baada ya miezi michache. Alionyesha pia kwamba anaweza kuigiza mambo mazito, na kwa hilo hakusifiwa inavyostahili. Mwaka 1984 alikuwa miongoni mwa saba wa kwanza kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa televisheni ya Marekani.

Alifariki Los Angeles tarehe 27 Machi 2002, umri miaka 93.

Programu zake zilikwenda hewani mubashara, na njia pekee ya kuzihifadhi wakati ule ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kupiga picha kinachopita. Picha ni za kijivu, zimefifia pembeni, sauti inakwaruza. Mwaka 2000, akiwa na miaka 91, Milton aliishtaki NBC akidai imepoteza filamu nyingi za programu zake, na baadaye zikapatikana ghalani. Nyingine leo zinaweza kutazamwa na yeyote. Ukiipata mojawapo ya kabla ya 1954, usimtazame Milton peke yake na gauni lake. Sikiliza upande wa watazamaji, mwanzoni kabisa, kabla ukumbi haujachangamka, ni nani anayecheka wa kwanza.